Karanga za Rubisi

Ukipita Kihanga siku hizi ukauliza nani anapika rubisi, watakuonyesha vibanda viwili vitatu. Pombe imekaa kwenye madumu ya plastiki, haijatulia vizuri, na muuzaji mwenyewe yuko kwenye simu. Mimi siingii. Si kwamba najidai, ila nimekulia kwenye rubisi, na mtu hadanganywi na kitu alichokulia. Nina cherehani yangu hapa Bugene, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Wateja wakianza kusifia pombe ya mahali fulani nanyamaza, maana nikifungua mdomo kazi haiendi. Nitaanza habari za mama yangu Auleria na karanga zake, na gauni la mtu litachelewa.

Leo acha lichelewe.

Mama ni mtu wa Kyerwa, kule Nkwenda. Aliolewa Kihanga na baba yangu Yustus, Mungu amrehemu, akaja na sanduku la nguo na kigae cha udongo cha kukaangia. Kwetu Karagwe rubisi ilikuwa ndizi na mtama, basi. Ndizi zenyewe ni embire, zile ambazo ukizipika hazina maana. Zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya obwato, gogo kubwa lililochongwa mfano wa mtumbwi. Kukanyaga ni kazi ya wanaume. Juisi ikishatoka, ule omuramba mtamu ambao watoto huukimbilia, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake ni pombe. Kwa kina Mama walikuwa wanatia na karanga. Zinakaangwa, zinatwangwa, zinakamuliwa mafuta, halafu unga wake unachanganywa na ule wa mtama.

Babu mzaa Baba alipoona mkamwana wake anatwanga karanga pembeni ya obwato aliuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Yustus, huyu binti anatupikia pombe au mboga?"

Baba alikuwa kijana, ameoa juzi, akazidi kukanyaga ndizi. Kesho yake Babu akaonja. Akainua kibuyu akakitazama chini, kana kwamba kuna mtu kajificha humo, kisha akakinyoosha kijazwe tena. Tangu siku hiyo hakuuliza swali. Baba alitusimulia hadithi hii kila Krismasi, na kila Krismasi Mama alimwambia, "Mwache mzee apumzike, Baba Joanitha," huku mwenyewe anacheka. Joanitha ndiyo mimi.

Jamani, ile pombe! Wakati huo nilikuwa mtoto, nilionja kwa kuiba kama watoto wote, lakini ladha yake naijua mpaka leo. Haikuuma kooni. Ilipita polepole, kisha harufu ya karanga ikabaki mdomoni, hata ukila kitu kingine unaisikia. Povu lake lilikuwa dogo, hilo ni kweli, karanga zinaua povu. Watu wa vijiji vingine waliitania wakisema pombe ya Yustus haina ndevu. Wakishatania wanakuja kuinywa.

Ninachokumbuka zaidi ni kule kukaanga kwenyewe. Mama alitumia kuni za mibuni mikavu, moto mdogo, na hakutaka kelele. Mama alikuwa na hasira za karibu siku hiyo. Ukimsemesha wakati karanga ziko kigaeni unapigwa mwiko wa kichwa. Sisi tulikaa mlangoni, mimi na kaka yangu Novatus, tunangoja zile zilizopasuka. Alikuwa anachukua moja, anaing'ata katikati, anaitazama, anasema, "Bado." Baadaye tena, "Bado." Ghafla kigae kimeshatoka motoni, na sisi hatukuona tofauti yoyote. Alizimenya kwa kuzisugua viganjani, akazipepeta kwenye ungo, maganda yakatujaa nywele. Akishazitwanga anazikanda kwa maji ya uvuguvugu, mafuta yanaelea juu, anayaengua kwenye bakuli. Mafuta hayo ndiyo aliyotupaka miguuni. Tulikwenda shule miguu inang'aa na inanukia karanga, mbwa wa njiani wanatufuata.

Huko nje Baba anakanyaga pamoja na Clavery, jirani yetu, Mkatoliki mwenye mdomo. Suruali zimekunjwa mpaka magotini, wameshika mti wa juu wasiteleze, wanasutana. Clavery anasema miguu ya Kilutheri ni mizito, ndiyo maana ndizi zinalia. Baba anamjibu kwamba miguu ya Kikatoliki ni mizuri kwa kukimbilia pombe tu. Jioni ya pili wanaume walikuja na vibuyu vyao na mirija yao, wakakaa uani, mazungumzo yakaenda. Sikumbuki ugomvi hata mmoja. Labda ulikuwepo, ila mimi nimechagua kutoukumbuka.

Basi, nikiwa darasa la sita, Mama akaokoka.

Walokole walikuwa na mkutano wao kanisani, siku kadhaa. Mama alikwenda siku ya kwanza kusikiliza kwaya, siku ya mwisho akarudi macho yamevimba. Tukiwa tunakula akasema, "Bwana Yesu ameniokoa. Kuanzia leo mkono wangu hautaingia kwenye pombe. Sikaangi tena karanga za rubisi."

Baba akaacha kutafuna. Akauliza, "Na karanga za kutafuna?"

"Za kutafuna nitakaanga."

"Haya," Baba akasema, akaendelea kula matoke yake.

Mimi nilidhani ni utani wa siku mbili. Loh! Mama yangu akisema kitu, kimesemwa. Siku Baba akikanyaga ndizi, yeye anachukua jembe anaingia shambani kupalilia buni mpaka giza. Hakumtukana mnywaji, wala hakumwombea mtu kwa sauti ili asikie, kama wanavyofanya wengine. Aliondoa mkono wake tu. Na walokole wanazo taratibu zao. Wanakutana kila Alhamisi, na ukikosa unasimama mbele ya wenzako unalisema kosa lako. Wanaita kutembea nuruni. Kiongozi wao, Mama Adventina, ni mwanamke mwenye haki, mkali kama pilipili. Mama akawa mkono wake wa kulia. Miaka ikaenda, akawa kiongozi wa maombi wa kikundi chao, na hakuna cheo duniani alichokipenda kama hicho.

Baba alijaribu kukaanga mwenyewe. Weee! Aliweka moto kama wa kuchomea matofali. Karanga ziliungua nje, ndani mbichi, akazitia hivyohivyo. Clavery alivuta mrija mara moja akaweka kibuyu chini. "Yustus, leo umetupikia mkaa," akasema. Baba hakujaribu tena. Akarudi kwenye ndizi na mtama kama wazee wake. Pombe ilikuwa nzuri, watu walikunywa, ila kila mtu uani alijua kuna kitu kimepungua, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Sasa nikuambie kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Kila Jumapili Mama alikaanga karanga za kutafuna. Zilezile, kigae kilekile, moto uleule. Alizimimina kwenye sahani akaiacha mezani, akatoka. Clavery akamnong'oneza Baba, mimi nikiwa napita na ndoo, "Mpumbavu wewe, si uchukue hizo utwange? Atajuaje?"

Baba akamwangalia. "Siwezi kumtendesha mke wangu dhambi bila mwenyewe kujua," akasema. "Hizi kanipa nitafune. Natafuna." Akachukua moja akatafuna. Zaidi ya miaka thelathini alitafuna karanga zile, hakutia hata punje moja kwenye rubisi. Wanaume wa hivyo wako wangapi?

Halafu mnyauko ukaingia migombani. Anayeijua Kagera anaujua ugonjwa ule. Unaukuta mgomba umesimama mzima, kesho majani yamelegea, ukikata shina linatoka uchafu wa njano. Uliipiga embire kuliko ndizi zote. Shamba la Baba lilibaki na mashina machache upande wa korongoni, na hayo aliyaokoa kwa kuyalinda kama watoto wachanga. Alilivunja kila ua jekundu linaloning'inia kwa kijiti chenye panda, maana panga linahamisha ugonjwa, na mtu wa kupita alikatazwa hata kuyagusa. Rubisi ikawa ya nadra, mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Gogo la kukanyagia likalala uani, kuku wakalifanya kiota.

Mwaka juzi Baba akapigwa kiharusi. Tulimlaza hospitali ya Nyakahanga, wauguzi wakamhangaikia vizuri, akarudi nyumbani akiwa hai lakini upande wa kushoto umekufa nguvu na maneno yanatoka moja moja. Muuguzi alituambia wazi kwamba pombe asiguse tena hata ya kuonja, maana kumeza kwenyewe ni shida, itampalia. Baba alisikiliza yote akaitikia kwa kichwa.

Wakati huohuo posa ya Kemirembe ikaja. Kemirembe ni binti wa kaka yangu Novatus aliyeko Mwanza, lakini kalelewa Kihanga na babu yake na bibi yake tangu anatambaa. Watu wa mwanaume ni wa Muleba. Siku ikapangwa, na mimi shangazi nikafunga cherehani nikaenda kusaidia maandalizi. Jioni hiyo tumekaa, tunahesabu kreti za soda na bia za chupa za kununua Kayanga, Baba akainua mkono wake mzima.

"Hapana," akasema. "Rubisi. Ya nyumba hii."

Novatus akasema kwenye simu, tumeiweka sauti kubwa, "Baba, embire hakuna."

"Ipo. Korongoni." Akapumzika kidogo. Kisha akamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aokoke nikamsikia anaomba. "Mama Joanitha. Nikaangie. Nyingine sitaiona."

Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Baba Joanitha, usiniombe hilo," akasema.

"Sawa," Baba akajibu. Tukamlaza, akageuza uso ukutani.

Nilimfuata Mama jikoni nikiwa nimefura. Sikujizuia. "Mama, Mungu gani huyo anayekasirishwa na karanga? Mtu anakufa pale chumbani!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Maisha yake yote amekuheshimu, wewe unashindwa kumkaangia mzee kibaba cha karanga?"

Mama akaketi kwenye kigoda. Alionekana mzee kuliko nilivyomwona asubuhi. "Joanitha, mimi sikuahidi karanga. Niliahidi mkono wangu. Na nikiutia, siwezi kuficha. Alhamisi nitasimama niseme, na watanivua uongozi wa maombi. Wale ndio waliomzika mama yangu. Baba yako alipoanguka, ndio waliolala hapa na mimi, wewe uko Bugene. Unadhani ni rahisi?"

Nilikwenda kulala nina hasira na Mama, nina hasira na Baba, na nina hasira na mimi mwenyewe kwa kukosa wa kumlaumu.

Clavery, mzee wa mkongojo siku hizi, alileta wanawe kukanyaga. Embire zilikuwa zimeiva shimoni, kuku wakafukuzwa kwenye gogo, likasafishwa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimetumwa Bugene kuchukua gauni la Kemirembe. Niliporudi, bodaboda hata haijasimama vizuri, pua yangu ikanigutua. Karanga! Nikakimbilia jikoni. Mama yuko kigaeni, amenipa mgongo.

"Usiniulize," akasema.

"Sijauliza."

"Ni za kutafuna."

"Zote hizo, Mama?"

"Wageni ni wengi."

Nikakaa mlangoni, mwanamke mzima na miwani yangu, mahali palepale nilipokaa nikiwa mtoto. Akang'ata moja. "Bado." Nikauma khanga yangu nisilie. Alizitoa, akazisugua, akazipepeta, akazitwanga. Alipoanza kuzikanda kwa maji ya uvuguvugu sikuweza kujizuia. "Mama, za kutafuna zinakamuliwa mafuta?"

"Joanitha, nitakupiga mwiko!"

Akaweka ule unga kwenye bakuli, akalifunika kwa jani, akaliweka juu ya kiti karibu na obwato. Kisha akachukua jembe, akaingia shambani bila kusema neno.

Clavery akalitazama bakuli, akamtazama Baba aliyekuwa amekalishwa barazani kusimamia kazi. "Yustus, shemeji ameacha karanga hapa. Nitie?"

"Amekuambia utie?"

"Hakusema. Lakini si unaona mwenyewe!"

"Usitie," Baba akasema.

"Wewe mtu umezaliwaje? Kaziacha hapa makusudi!"

"Usitie. Mpaka aseme."

Clavery akatukana kwa Kinyambo, akasonya, akashika mkongojo wake kwenda shambani. Nilimfuata nyuma. Tulimkuta Mama amesimama kati ya mibuni, jembe liko mkononi, hajapalilia hata mstari mmoja.

"Shemeji," Clavery akasema, "mume wako ni kichaa. Hataki nitie karanga zako mpaka useme wewe."

Mama akalitazama jembe. "Mwambie atie."

"Mimi siendi tena! Anataka akusikie mwenyewe. Nina goti bovu, mnataka kuniua na mapenzi yenu."

Mama akaweka jembe begani, akarudi. Miguu ina udongo, hakuiosha. Akapita mbele ya Baba bila kumwangalia, akafunua bakuli, akamimina ule unga kwa mkono wake ndani ya omuramba, akakoroga. Ndipo akamgeukia. "Nimetia mimi. Umeona?"

"Nimeona," Baba akasema, na machozi yakamshuka upande ule unaofanya kazi na upande ule usiofanya kazi.

Kesho yake wageni wakaja na magari mawili. Msemaji wao alikuwa Mzee Placidius, mtu wa Muleba, mrefu, koti jeusi, Kiswahili cha ofisini. Maneno yakasemwa, mahari ikaelewana, chungu cha rubisi kikaletwa katikati. Pale ndipo tulipokwama. Kwetu mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje kwanza mbele yake, aone kwamba chungu hakina jambo. Na mwenye nyumba alikuwa pale kwenye kiti, hawezi kumeza. Katika pilikapilika zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Aibu gani!

Novatus akasimama haraka achukue kibuyu. Mzee Placidius akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameinama juu ya chungu, ananusa. "Mwanangu, wewe umeshuka jana na basi la Mwanza. Unajua nini cha chungu hiki? Hii si ndizi na mtama peke yake. Nasikia karanga. Aliyetia mkono wake humu ndiye aonje."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa mkekani upande wa jikoni, kila mmoja na soda yake, na Mama Adventina mbele. Waliinua macho wote pamoja. Ningeweza kusema ni mimi niliyekaanga. Neno lilikuwa mdomoni, nataka kulitoa, lakini Mama alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," akasema.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akavuka ua mzima, kitambaa chake cheupe kichwani, akapokea kibuyu. Nilimtazama Mama Adventina. Alikuwa ameweka chupa yake chini. Mama akafumba macho, akanywa funda moja, akameza. Sijui alisikia nini kwenye ulimi baada ya miaka yote ile, hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Hakumpa Mzee Placidius kibuyu moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa Baba, akakishika chini ya pua yake. Baba akavuta harufu. Akavuta tena.

"Zimezidi moto," Baba akasema polepole. "Kidogo."

"Ungekaanga wewe!" Mama akamjibu, na Clavery akapiga kelele kutoka nyuma, "Hapana jamani, yeye hapana, tutakula mkaa!" Ua ukavunjika kwa kicheko. Baba alicheka kwa nusu ya mdomo wake, na nafikiri sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo kwa nusu ya uso. Wageni wakanywa. Chungu kikaisha kabla ya jioni, na Mzee Placidius akaomba kupewa kidogo cha njiani, akakosa.

Alhamisi nilikwenda na Mama kwenye ushirika. Hakuniita, nilikwenda tu, maana niliogopa. Walikuwa wanawake kama kumi na tano kwenye mabenchi ya darasa la Jumapili. Mama hakungoja aulizwe. Akasimama, mikono mbele.

"Dada zangu, nilikaanga karanga nikazitia kwenye rubisi kwa mkono wangu. Kisha nikaonja. Mlioniona ni wengi, lakini nasema ili asibaki wa kusikia njiani."

Mama Adventina naye hakuwa na raha. Sauti yake ilikuwa chini kuliko nilivyoizoea. "Unatubu, dada Auleria?"

"Natubu pombe niliyoionja. Bwana anisamehe."

"Na karanga?"

Benchi lilikwaruza sakafu mahali fulani, likatulia.

"Karanga nilimkaangia mume wangu," Mama akasema. "Hizo, dada, nimejaribu kuzitubu tangu Jumamosi, zimekataa."

Walimvua uongozi wa maombi palepale, kwa upole, wengine wanalia, na Mama Adventina mwenyewe ndiye aliyemkumbatia wa kwanza. Mama alimshukuru kila mmoja. Akachukua Biblia yake na khanga yake, akanifikia mlangoni nilipokuwa nimesimama nafuta macho kama mtoto.

"Acha kulia," akasema. "Twende, baba yako hajala."